Ukuta wa Bustani Umetoa Tumbo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwita Fundi

Nyumba niliyonunua iko Moshi, upande wa Longuo, ardhi inapoanza kupanda kuelekea mlimani. Bustani ya nyuma ina ngazi mbili: juu migomba na mparachichi mmoja, chini nyasi na kamba ya kuanikia nguo. Kati ya ngazi hizo umesimama ukuta wa urefu wa mita 12, kimo mita moja na nusu, wa tofali za saruji za inchi 6, umepigwa plasta na kupakwa rangi ya maziwa. Siku tulipokuja kuiona nyumba niliusifia ukuta ule kwa sauti, na aliyekuwa anauza akatabasamu. Tulipohamia, ile kamba ya nguo, ambayo ncha moja imefungwa kwenye ndoano ya ukutani, ikawa inalegea. Naikaza, inalegea. Nikailaumu kamba, nikanunua nyingine. Mwezi wa tatu ndipo nilipoinama nikautazama ukuta kwa ubavu, nikaona umetoa tumbo kama mtu aliyetoka kula harusini.

Kama na wewe umenunua nyumba yenye ukuta wa namna hiyo, iwe Moshi au Arusha, najua mkono uko kwenye simu unatafuta namba ya fundi. Subiri kidogo. Kuna kazi ya wiki mbili tatu ambayo ni yako wewe mwenye nyumba, na ukiiruka utalipia ukuta mmoja mara mbili.

Anza kwa kujua ukuta wako unafanya kazi gani. Ukuta wa fensi unabeba uzito wake na upepo basi. Ukuta unaozuia udongo unasukumwa usiku na mchana, na msukumo wenyewe una hesabu ya ujanja: kimo kikiwa mara mbili, nguvu ya udongo inakuwa mara nne, na ile ya kuupindua ukuta kutoka kwenye kitako chake inafika mara nane. Ndiyo maana kaukuta ka nusu mita kanadumu miaka na miaka hata bila msingi wa maana, halafu jirani anaiga ujenzi uleule kwa mita moja na nusu na unamlalia. Maji yakiongezeka hapo, mambo yanabadilika kabisa. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita moja na nusu hadi juu, yanasukuma kwa nguvu ya tani moja na kidogo kwa kila mita ya urefu. Kwa ukuta wangu ni kama magari madogo kumi na mawili yamepangwa mstari yakiuegemea, na hapo bado hujahesabu udongo.

Kwa hiyo kabla hata ya kupima chochote, ondoa watu. Mimi nilihamisha kamba ya nguo, banda la kuku na benchi la watoto, nikafunga utepe mita tatu kutoka ukutani. Mke wangu aliona nazidisha. Ukuta ukianguka huwa hauchagui saa, na kuta nyingi za namna hii huanguka usiku wa mvua au kesho yake asubuhi, udongo ukiwa umeshakunywa maji ya kutosha. Ukiona nyufa zimepanuka ndani ya siku chache, au udongo wa juu umepasuka mstari sambamba na ukuta, acha mambo ya kupima. Kaa mbali, zuia na wengine, tafuta mhandisi siku hiyohiyo.

Ikiwa hali haijafika huko, pima. Timazi ya fundi ndiyo bora, lakini uzi wa nailoni na nati nzito vinatosha. Weka kipande cha ubao juu ya ukuta kikitokeza sentimita 10 mbele, ning'iniza uzi, na kama kuna upepo tumbukiza nati kwenye ndoo ya maji itulie. Kisha pima kutoka kwenye uzi hadi ukutani sehemu tatu. Mimi nilipata 10 juu, 6 katikati, 13 chini. Maana yake kichwa cha ukuta kimetoka sentimita 3 kuliko miguu, na tumbo limetoka 7. Tofali lenyewe lina unene wa sentimita 15. Ukuta wa tofali ukishatoka kwenye mstari wake kwa zaidi ya theluthi ya unene, mimi siongelei tena kuukarabati, naongelea kuushusha. Rudia vipimo kila Jumapili, sehemu zilezile, uandike kwenye daftari. Kwenye nyufa chora mstari wa penseli pale ufa unapoishia, uweke tarehe, na katikati bandika jipsamu kidogo kwa kidole. Jipsamu ikikatika, ukuta bado unatembea.

Umbo la ubovu nalo linasema. Tumbo katikati na ufa wa kulala: ukuta ni mwembamba kwa mzigo uliopewa. Ukuta umelala wote kuanzia chini lakini hauna nyufa: msingi umegeuka. Ufa wa ngazi-ngazi upande mmoja: ncha ile imedidimia, pengine ilijengwa juu ya kifusi, au kuna mzizi.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo.

Ukuta mzuri wa kuzuia udongo una matundu ya kutolea maji karibu na chini. Wangu haukuwa nayo, au ndivyo nilivyodhani. Siku moja mwezi wa nane nilipiga magoti nikawa nagonga plasta kwa mpini wa bisibisi, usawa wa goti, nikisogea taratibu. Kila baada ya mita mbili sauti ilibadilika: ko, ko, ko, halafu bu. Nikachokonoa pale kwenye bu. Plasta ilitoka kama ganda la yai, nyuma yake mdomo wa bomba la inchi mbili, na ndani ya mdomo karatasi ya mfuko wa saruji imeshindiliwa. Niliivuta kwa koleo. Ilitoka imelowa, ikafuatwa na maji meusi yenye vijizizi vyeupe kama nyuzi, yakanimiminikia kwenye viatu. Yaliendelea dakika kadhaa kabla ya kupungua na kuwa matone. Mvua ya maana haikuwa imenyesha wiki tano.

Aliyeniuzia, au fundi wake, alikuwa ameziba matundu yote sita ili rangi ikae vizuri machoni pa mnunuzi. Nilikasirika siku mbili hivi. Baadaye nikaona swali la maana ni jingine: maji haya ya mwezi wa nane yametoka wapi?

Hilo ndilo swali la kujibu kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji, na majibu ni machache. Anza na bomba: funga koki zote za nyumba, nenda kwenye mita ya maji, soma namba, kaa nusu saa. Zikisogea, bomba linavuja chini kwa chini na bili yako inamwagilia migomba. Yangu haikusogea. Halafu maji machafu: karo (tangi la maji ya choo lililofukiwa), shimo la kunyonya linaloyapeleka maji ardhini, sinki la nje. Nunua rangi ya chakula, kile kichupa kidogo cha dukani, mimina kwenye sinki moja pamoja na ndoo mbili za maji, kisha subiri. Siku nyingine jaribu bafu kwa rangi tofauti. Sinki la kufulia ndilo lililonijibu. Kesho yake asubuhi tundu la pili lilikuwa linadondosha wekundu hafifu, kama juisi ya ubuyu iliyozidishwa maji. Shimo la kunyonya la sinki lile lilikuwa mita tatu nyuma ya ukuta, juu yake. Kila tulipofua, tulikuwa tunausukuma.

Angalia na paa. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, ambayo masika si ajabu, ni lita 5,000, tenki zima, limemwagwa pale gata linapoishia. Kama linaishia juu ya ukuta, umepata mshukiwa mwingine.

Na ukiwa huku kwetu mteremkoni, uliza habari za mfongo. Wachagga walichimba mifereji hii vizazi vingi nyuma kuteremsha maji ya mlimani mpaka vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo yenye migomba, na mingine bado inafanya kazi huku mingine imefukiwa na nyumba kujengwa juu yake. Mfongo uliofukiwa maji huukumbuka. Ulio hai usiuguse wala kuugeuza kabla ya kukaa na wanaoutumia, la sivyo utakuwa umenunua ugomvi wa mtaa mzima.

Nani atakuambia hayo? Jirani. Mita nne za mwisho za ukuta wangu zinapakana na kiwanja cha mama mmoja mtu mzima, na jiko lake la kuni la nje liko chini palepale. Nilikwenda jioni moja na sukari kilo mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndiye uliyenunua kwa yule? Karibu ukae."

Nikamweleza habari za ukuta. Akacheka taratibu, akaendelea kuchambua mboga.

"Huo si wa kwanza. Wa kwanza ulianguka masika, ukaua mbuzi wangu. Akaja fundi, akapanga mwingine palepale juu ya mawe yaleyale. Nikasema haya."

Hakuna karatasi ya mauziano iliyonipa taarifa kama hiyo. Ukuta wa pili uliojengwa juu ya msingi uliokwisha kushindwa mara moja, tena bila mtu kuuchimbua. Nikamwomba ahamishe jiko kwa muda, nikamwahidi kumjengea kibanda cha mabati matano upande wa pili, na nikakijenga kabla ya kitu kingine chochote. Kama ukuta wako uko juu ya mtu, ulinzi wake uwe wa kwanza kwenye bajeti yako.

Udongo wenyewe hauhitaji maabara kwa kuanzia. Chimba shimo la mita moja mbali kidogo na ukuta, upande wa juu, usiguse kitako chake. Chukua konzi ya udongo wa chini, ulowanishe, uvingirishe viganjani: ukitoka uzi mrefu usiokatika, una mfinyanzi mwingi, nao unashika maji. Ukiwa Arusha, kwenye zile sehemu za tambarare zenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka kidole kinaingia, elewa kwamba unafura masika na kusinyaa kiangazi, na kila mwaka unakusukuma upya. Udongo wa namna hiyo haurudishwi nyuma ya ukuta mpya. Unaondoka, wanakuja kokoto na moramu.

Karatasi sasa, kwa haraka. Tafuta bikoni zako zote, zile alama za mpaka wa kiwanja, kabla sururu haijagusa ardhi. Kama kiwanja hakijapimwa, mipaka ya huku mara nyingi ni masale, na masale si mmea wa kung'oa tu kwa sababu umesimama njiani. Kung'oa bikoni kwa makusudi ni kosa kisheria, na kibarua anaweza kudhani ni kipande cha zege tu. Ukikuta ukuta umeingia kwa jirani, malizeni mbele ya mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi, kabla ya kujenga. Pita ofisi za manispaa, au jiji ukiwa Arusha, uulize kuhusu kibali, hasa kama ukuta uko karibu na barabara. Ukiwa kando ya mto, iwe Karanga, Rau au Themi, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Rudia pia kusoma mkataba wa mauziano. Mimi wangu haukusema neno kuhusu ukuta, na mwanasheria niliyemwuliza alinishauri nitunze pesa yangu kwa ajili ya mawe.

Msimu usiuchezee. Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli huanza kuonekana Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Kazi ya kufungua udongo ifanyike Juni hadi Septemba, au lile dirisha dogo la Januari na Februari, na utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa uusome kabla ya kupanga tarehe. Ukibanwa na mvua, usibomoe. Zibua matundu ukiwa umesimama ubavuni na si mbele yake, geuza maji ya gata, funika udongo wa juu kwa turubai, egemeza mirunda minene kwa upande wa chini ikiwa imekitwa vizuri ardhini, halafu subiri kiangazi.

Hapo ndipo mafundi waje. Kwangu walikuja watatu. Wa kwanza hakutoka hata kwenye ngazi ya chini. "Bosi, hapa tunapiga nguzo tatu mbele, plasta juu, mchezo umekwisha." Nguzo zilizobandikwa mbele ya ukuta bila msingi wake zinaanguka pamoja nao, tofauti ni kwamba zinaumiza zaidi. Wa pili alitaja bei kabla ya kusalimia. Wa tatu alipanda juu, akakanyaga-kanyaga udongo, akauliza, "Maji ya sinki hili yanakwenda wapi?" Nikajua nimepata mtu. Kwa ukuta unaozidi mita moja hivi, na chini yake kuna nyumba au watu, usimwachie fundi peke yake. Lipia siku moja ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aangalie na kuchora. Mchoro wa ukurasa mmoja unatosha kuzuia mabishano mengi site.

Mchoro wetu ulinishangaza kwa unene. Ukuta wa mawe unaojizuia kwa uzito wake unahitaji kitako cha nusu hadi theluthi mbili ya kimo chake. Kwa mita moja na nusu, ni sentimita 75 hadi mita nzima. Tofali la sentimita 15 lilikuwa limetumwa kazi hiyo. Kuna njia nyingine: kuta mbili fupi za sentimita 75, zikiachana angalau mita moja na nusu ili wa juu usimkalie wa chini. Ukiwa na nafasi, fanya hivyo, unapata na bustani ya katikati. Mimi sikuwa nayo, nikachagua mawe, na nyuma yake kokoto za upana wa sentimita 30 kuanzia chini hadi karibu na juu, bomba lenye matundu chini kabisa likishuka sentimita moja kila mita, na kitambaa cha kuchuja kati ya kokoto na udongo ili tope lisizibe.

Kabla ya kukubaliana bei, piga hesabu za mzigo mwenyewe. Msingi wa mita 12 kwa mita moja, unene sentimita 25, ni mita 3 za ujazo. Zege la moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) linakula mifuko sita na kitu kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mifuko kama 20 imeondoka kabla ya jiwe la kwanza. Na jambo ambalo hakuna fundi aliyenitajia: udongo. Kuchimba nyuma ya ukuta kwa upana wa sentimita 60 tu ni karibu mita 11 za ujazo, na ukishachimbwa unafura kufika 13 au 14. Utauweka wapi? Usiuweke juu ya ukingo, maana mita moja ya ujazo inaweza kufika tani moja na nusu, na utakuwa umeongeza mzigo palepale unapoukimbia. Tafuta fuso na mahali pa kumwaga mapema. Uliza pia nyaya za umeme na bomba la maji zinapita wapi. Kwangu bomba lilikuwa limelala sentimita 20 tu chini ya nyasi.

Siku ya kazi iwe na sheria chache, na uziseme mbele ya kila kibarua. Ukuta unashushwa kutoka juu kwenda chini, tofali kwa tofali, hausukumwi. Unafunguliwa vipande vya mita tatu, kimoja kikijengwa ndipo kingine kifunguliwe, mlima usiachwe wazi mita 12 kwa usiku mmoja. Hakuna anayechimba kitako cha ukuta uliosimama. Hakuna anayekula chakula cha mchana kwenye kivuli chake, na hili utalirudia kila siku, kwa sababu jua la saa saba kivuli kipo pale tu. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandike kwenye ubao wa site.

Malipo nayo yapange kabla: sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi ukuta ujaribiwe. Tuliandika hivyo, fundi akasaini. Siku ya mwisho tulitandaza mpira wa maji juu, tukafungua koki, tukashuka chini na viti viwili vya plastiki. Tundu la kwanza lilianza kutoa baada ya robo saa, la pili likafuata, la nne, la tano. La tatu likabaki kavu. Fundi alilitazama, akalitazama tena, akaenda kutafuta waya. Alisukuma mara mbili, likatoka bonge la saruji kubwa kama yai la kuku, na maji nyuma yake. Mama jirani, aliyekuwa amesimama ng'ambo na mwiko mkononi, akauliza kama sasa anaweza kurudisha jiko. Tukamwambia asubiri masika moja ipite.